Kile Kitone Ulichonionyesha

Baba, shikamoo.

Nimetulia kidogo hapo, kama ulivyonifundisha, nisirukie maneno mengine kabla mkubwa hajaitika. Basi nachukulia umeitika. Marahaba yako naijua, ile ya kuvuta mwishoni, ya mtu anayetaka kujua kwanza kama umekuja na shida au umepita kusalimia tu. Leo nimekuja na shida, na shida yenyewe ni kile kitone.

Lakini nianze na habari za nyumbani, maana hukupenda mtu aingie mlangoni na jambo zito kabla hajaulizwa hata ameamkaje. Mama hajambo. Eda imekwisha, ametoka. Siku ya kwanza alikwenda mpaka barabarani, akarudi akilalamika kwamba Mapinga imejaa watu asiowajua. Kweli imejaa. Mikorosho ya nyuma yetu yote imekatwa, pamekuwa viwanja, na jirani mpya amejenga ukuta mrefu hata upepo wa jioni hatuupati tena sebuleni. Mama kila akitoka kuanika nguo anautazama ule ukuta na kuusemesha. Umeme unakatika vilevile.

Simu yako anayo yeye, hataki izimwe. Watu bado wanapiga. Juzi alipiga mzee mmoja wa Lugoba, anataka kujua kama picha ya mguu wake imetoka. Mama akamwambia mwenye simu ameshatangulia mbele ya haki. Yule mzee akalia, Baba, akalia kwa sauti, mpaka ikawa Mama ndiye anambembeleza yeye. Huo mguu ulimpiga picha lini, hata mwenyewe hakumbuki. Mtu umestaafu zamani, bado watu wanakudai mifupa yao.

Nguo zako tumezigawa. Ile kanzu ya kijivu nimeificha mimi. Mama anajua, anajifanya hajui.

Haya.

Unakumbuka niliposema nakwenda kusomea mambo ya nyota? Nyumba nzima iliniuliza nitaajiriwa na nani. Shangazi akauliza kama ni unajimu, kama nitakuwa nasoma watu viganja. Wewe uliuliza kitu kimoja tu: "Na eksirei mnatumia?" Nikasema ndiyo, tunatumia sana. Ukakaa vizuri kwenye kiti, kama mtu aliyesikia ndugu yake katajwa redioni. Umri wako wote wa kazi ulikuwa ndani ya kile chumba chenye mlango mzito pale hospitali, unawaambia watu wabane pumzi. Sasa mtoto wako anakuja na eksirei za mbinguni!

Nikakueleza kwamba kule hospitali mashine ndiyo inamulika mtu, picha inatokea upande wa pili. Angani hakuna anayemulika. Vipo vitu huko vinavyotoa eksirei vyenyewe, na hewa yetu inazizuia zote zisifike chini, ndiyo maana darubini zake zinarushwa mpaka nje kabisa ya hewa, zinazunguka huko na kutuma picha. Ukafikiri. Ukasema, "Kwa hiyo mgonjwa mwenyewe ndiye taa." Sijawahi kusoma kitabu kilichosema vizuri hivyo.

Halafu ukataka kujua zinatokaje. Nikakuambia nyingine ni nyota mbili zinazokaa pamoja, moja imekufa, imejikunja ikawa ndogo na nzito kupita kiasi, nayo inamnyonya mwenzake. Ile gesi inayonyonywa, ikiporomoka, inapata moto mkali mpaka inatoa eksirei. Ukamgeukia Mama aliyekuwa anachambua mchele. "Unasikia ndoa za huko?" Mama akakurushia chuya usoni. Nilicheka siku ile mpaka mbavu zikauma.

Kisha moyo wako ukachoka, miguu ikavimba, na mimi nikahamishia kazi nyumbani. Wewe kwenye kochi umeegemezwa mito, mimi chini kwenye mkeka na kompyuta yangu. Kazi ilikuwa kupitia picha za zamani za darubini moja. Zimewekwa wazi kwa yeyote mwenye bando la kuzipakua. Natafuta vitu ambavyo waliotangulia vimewapita.

Tuseme ukweli, si picha za kupendeza. Kila chembe ya eksirei inayogonga kamera inaandikwa kama nukta moja, kwa hiyo kwenye skrini unaona weusi uliotapakaa nukta hovyo, kama chenga za mchele kwenye ungo. Penye nyota, nukta zinarundikana pamoja, zinakuwa kitone. Mama alikuwa anapita, anaangalia, anasema "mh", anaendelea na safari yake ya jikoni. Wewe ulizipenda kuliko taarifa ya habari. Ulikuwa unaniambia nisifunge haraka, macho hayajazoea.

Siku ile nilikuwa nakuonyesha kitone kikubwa, maarufu, kila mtu anakijua. Ukavaa miwani. Ukanyoosha kidole mpaka pembeni kabisa ya skrini, kidole chenye mafuta ya samaki, alama yake sikuifuta wiki nzima. Ukauliza, "Na hiki je?"

Nikasema hicho si kitu, Baba. Hukukiondoa kidole, namna yako ile ya kumpa mtu nafasi ya kujirekebisha. Nikakuza picha. Kitone kidogo, kimejikusanya vizuri, mviringo. Nikatafuta kwenye orodha ya vitu vinavyojulikana, hakimo. Nikatafuta kwenye orodha ya pili, hakimo. Nikapiga ukelele, Mama akatoka jikoni mbio na upawa mkononi, akidhani umekata roho. Alitugombeza wote wawili. Kasema siku ukifa kweli hatoki, ataendelea kupika.

Hakuendelea kupika, Baba. Nadhani unajua.

Basi zile siku zako za mwisho ukawa na habari. Mtu anakuja kumwona mgonjwa na machungwa yake kwenye mfuko, anauliza hali, wewe unamwambia, "Mwanangu kagundua nyota." Hali yenyewe hujibu. Jirani, imamu, muuza maziwa, yule nesi mliyefanya naye kazi, wote wamesikia. Na hata mara moja hukusema kwamba kidole kilikuwa chako. Nilipotaka kusahihisha, ulinikata jicho la kunifunga mdomo. Ukaondoka hivyo hivyo, asubuhi, chai yako imepozwa tayari kwenye sosa, na uso wa mtu aliyeridhika.

Wanaume wakakubeba. Sisi wanawake tukabaki ndani. Sikuona walipokulaza, nimeelekezwa tu kwa maneno, ndiyo maana nakuandikia. Nina maneno na sijui niyapeleke upande gani.

Kwenye arobaini yako, dua imeshasomwa, watu wanasubiri pilau, mdogo wako Mrisho akasimama. Unamjua Baba Mdogo akisimama. Akatangaza kwamba marehemu kaacha mtoto aliyegundua nyota, na nyota yenyewe itaitwa kwa jina la marehemu. Nani kamwambia? Hakuna aliyemwambia. Watu wakasema mashaallah. Nilitamani zulia linimeze. Wiki iliyofuata kile kibao chake cha udalali wa viwanja kule barabarani kikawa kimepakwa rangi upya, kimechorwa nyota ya manjano: Viwanja vya Nyota, Mapinga. Ee, Baba. Ndugu yako huyo.

Wengine walikuwa wanacheka, mimi nikipita pale nageuza uso. Nilikuwa bado sijapiga ya pili.

Kupiga picha ya pili nilijifunza kwako. Ulinisimulia tangu niko mdogo, na kila ukisimulia ulikuwa unaona haya upya, habari ya yule mama aliyekuja na kikohozi wakati wewe ni kijana mgeni kazini. Ulimwambia avue vitu vyote alivyovaa, akavua hereni, bangili, mkufu. Ukapiga. Kifuani pakatokea doa jeupe, limekaa vibaya. Ukalipeleka kwa daktari, daktari akamwandikia aende Dar es Salaam haraka. Ndugu zake wakaangua kilio pale pale kwenye benchi. Mpaka dada yake akakuvuta pembeni akakunong'oneza: ana hirizi, imetiwa kwenye kijibati, kaifunga mgongoni chini ya kanga. Hakukudanganya. Wewe ulimuuliza vitu alivyovaa, na kwake hirizi si vazi wala pambo, ni kinga. Nani anavua kinga mbele ya mashine asiyoijua?

Tangu siku ile doa lolote ulikuwa unamgeuza mgonjwa, unapiga ya pili. Doa la mwilini linabaki mahali pake mwilini. La kitu cha nje linahama. Na kina mama wenye hirizi ukawa unawaambia, "Na kinga nayo tuiweke pembeni kidogo, nitakushikia mwenyewe." Unaishika mkononi, unakwenda nayo nyuma ya ukuta, unapiga, unamrudishia. Wenzako wakikutania kwamba unabeba ushirikina, unawajibu wewe kazi yako ni kupiga picha. Mimi hapo ndipo nilipokupendea zaidi. Sikuwahi kukuambia, nakuambia sasa.

Basi mimi, mtoto wako, nina doa mkononi na sigeuzi mgonjwa. Mwalimu wangu wa chuo akiniuliza nimefikia wapi, namwambia bado nina msiba. Alivumilia. Ni mtu mwema, kwao Moshi, mumewe pia kafariki, anajua. Lakini mwisho akaniambia wazi kwamba kitone kile hatuwezi kukiandika popote bila kuhakikisha, na kazi ya kuhakikisha haichukui hata siku nzima. Nilijua. Siku nzima ningeimudu. Nilichoogopa ni jibu.

Sikuogopa kwa ajili ya shahada, Mungu shahidi. Shahada ninayo kazi nyingine ya kuandikia. Niliogopa kwamba huenda ulikufa unafurahia kitu ambacho hakipo. Kwamba furaha yako ya mwisho hapa duniani, ile uliyomgawia hata muuza maziwa, nilikupa mimi, na ilikuwa hewa. Nilikuwa nikifikiri hivyo nikiwa chuoni, kompyuta iko wazi mbele yangu. Bora kutojua, nikawa najiambia. Kisha najiona mjinga, maana mtoto wa mpiga eksirei anasemaje bora kutojua?

Nikafanya. Mchana kweupe, kwenye maabara ya chuo, feni inapiga kelele. Nikatafuta kama ile darubini ilishawahi kupapiga picha mahali pale pale wakati mwingine. Ilishawahi. Na safari hiyo ilikuwa imegeuka, imelalia upande. Mgonjwa yule yule, kageuzwa. Kama kitone ni cha angani, kitakuwa mahali pake angani. Kama ni cha kamera, kitageuka pamoja na kamera.

Nikaangalia angani. Hakuna, Baba. Nukta zimetawanyika tu.

Nikaangalia kwenye kamera, kona ile ile uliyoigusa kwa kidole. Kipo. Kidogo, kimejikusanya vizuri, mviringo.

Hirizi.

Ni vijipande viwili vitatu vya ile kamera vilivyochoka, vinawaka vyenyewe bila kuguswa na kitu. Si kila siku, ndiyo maana waliotengeneza orodha ya ubovu wa kamera hawakuviona. Niliweka kichwa juu ya meza. Kijana wa meza ya pili akauliza kama naumwa, nikamwambia macho. Mwalimu alipokuja akaangalia, akashusha pumzi, akasema hayo yanatokea kila siku katika kazi hii, tuandike kwamba kamera ina doa hapo ili mwingine asidanganyike. Tumeandika. Yeye kwake limekwisha.

Mimi lilikuwa halijaisha. Nilikuwa na watu wawili wa kuwaambia nyumbani, na nikaanza na aliye mwepesi.

Baba Mdogo nilimkuta chini ya kile kibao chake. Nikamweleza taratibu, kwamba hakuna nyota, ni hitilafu ya kamera, na kibao akifute. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote. Kisha akatazama juu, akasema, "Mwanangu, kwani mimi nimeandika nyota gani? Zipo nyingi." Akaingia kwenye gari la mteja wakaenda kuonyeshana mipaka. Nimemwacha. Hata wewe ungemwacha.

Kwa Mama nilizunguka siku mbili. Nilikuwa namtazama anavyowaambia wageni kuhusu kitone, anavyosema "cha baba yao", na nashindwa. Mwisho nilimfuata uani, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia yote, tangu kidole chako mpaka kona ya kamera, naeleza na kueleza, kama vile nikimaliza tu atasema neno ambalo sitaki kulisikia. Hakuacha kukuna. Kifuu kile kikaisha, akachukua kingine.

Akasema, "Baba yako alijua."

Nikasema alijua nini?

Akanisimulia. Siku ile ile, nilipotoka mbio kwenda dukani kununua bando nizidi kutafuta kwenye orodha, wewe ulivua miwani ukamwambia, "Huyu bado hajapiga ya pili." Mama akakuuliza, sasa mbona jirani aliyekuja kwa ule ukelele umeshamwambia? Na wewe ukamjibu, "Atakapoipiga mimi sitakuwepo. Acha nifurahie hii hii."

Mama akasema hivyo, akapuliza machicha kwenye vidole, akaendelea na nazi yake.

Baba, nililia pale uani hadi kuku wakasogea mbali. Nilikukasirikia pia, sikufichi. Muda wote ule mimi nakonda, nabeba furaha yako kama yai, naogopa isivunjike, kumbe wewe ulishaipima, ukajua uzito wake, ukaichukua hivyo hivyo! Ungenidokeza hata kwa jicho. Lakini ungenidokeza, nami ningeipiga siku ile ile. Najijua. Ningekuja na jibu langu sebuleni, ningekukuta kwenye mito yako, na wale wageni wa machungwa ungewaambia nini? Ungewaambia habari ya miguu.

Hasira zikaisha hapo hapo. Nikamwomba Mama anipishe, nikamalizia nazi mimi. Nilikuna vibaya, akanicheka.

Sasa nimetulia. Nimerudi kwenye picha zangu. Zipo nyingi, hata maisha yangu yote hayatoshi, na darubini nyingine mpya imesharushwa inaleta zake. Nikifika pembeni mwa skrini naenda polepole, siharakishi kufunga, nayaacha macho yazoee.

Baba, nakuaga hapa, Mama anaita chakula. Mungu akupe nafasi ya kutosha ulipo, usibanwe upande wowote, na akutie nuru kwa kila hirizi uliyomshikia mwenyewe. Mama nipo naye, usiwe na wasiwasi. Mdogo wako nitajitahidi naye.

Na nakuahidi hivi. Nitakapoona kingine, na nitakiona, sitamwambia Baba Mdogo, wala mwalimu, wala hata Mama, mpaka nimepiga ya pili. Wewe nitakuambia siku ile ile, ikiwa bado ni ya kwanza.

Mwanao,
Mwanaidi